Mapato na matumizi ubaoni: Tusome kwanza, kisha tuulize

NDUGU msomaji, mwezi Januari mwaka 2018 nilisimama katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi hapa mjini Tanga, nikasema mbele ya kadamnasi kwamba shilingi milioni tatu na laki mbili za watoto wetu hazijulikani zilipo. Sikutamka neno "kuiba", lakini kila aliyekuwepo alielewa nilichokusudia, na baadhi walipiga makofi. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, jioni nina madrasa, na watu mtaani huniita maalim. Neno la maalim mkutanoni lina uzito wake. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nimeona nikitumie kuwa somo badala ya kukifunika.

Nilikuwa na ushahidi, au ndivyo nilivyodhani. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 Serikali ikawa inapeleka fedha za ruzuku moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango kilichokuwa kikitajwa redioni ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na ubao wa matangazo, na juu yake imebandikwa karatasi ya mapato na matumizi ya mwaka mzima wa 2017. Idadi halisi ya wanafunzi sitaitaja, isije ikaitambulisha shule; tuseme walikuwa 800. Nikatoa simu, nikapiga hesabu. Mia nane mara elfu kumi ni milioni nane. Ubaoni paliandikwa kwamba zilizopokelewa ni milioni nne na laki nane. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Maalim, huo waraka umeusoma au umeusikia?"

Nilikuwa nimeusikia.

Akatuma faili lake liletwe. Akatusomea kwamba katika zile shilingi 10,000, zinazofika shuleni ni 6,000, na zile 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, ambavyo shule huletewa vikiwa vitabu, si fedha. Elfu nne mara mia nane ni milioni tatu na laki mbili. Hesabu ilifunga mpaka shilingi ya mwisho. Niliomba radhi palepale, kwa sauti ileile niliyotuhumu nayo. Waliopiga makofi waliinamisha vichwa, na mkutano ukaahirishwa mapema.

Sasa hapa ndipo penye somo lenyewe, na naomba msomaji usilipite haraka. Wengi niliowasimulia kisa hiki wananiambia: "Umeona? Ndiyo tabu ya kuingilia mambo ya serikali." Hilo silo nililojifunza. Nilichojifunza ni kwamba baada ya ile aibu yangu hakuna mzazi hata mmoja aliyethubutu kuuliza swali ambalo lilikuwa halali kabisa: kama milioni tatu na laki mbili ni za vitabu, vitabu hivyo vimekuja? Ni vingapi? Ikumbukwe kwamba mwaka huohuo wa 2017 suala la vitabu vya kiada vyenye makosa lilifika mpaka bungeni, na baadhi ya vitabu vikaondolewa. Swali la vitabu ndilo lililokuwa swali la wakati ule. Mimi nililiua kwa swali langu bovu.

Je, kuuliza ni kupekua?

Kabla ya kwenda mbele tuiondoe shubha moja ambayo huisikia sana misikitini. Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba kufuatilia hesabu za viongozi ni tajassus, yaani kupekua aibu za watu, na Allah (s.w) ametukataza jambo hilo katika Suratul Hujuraat (49:12). Ni kweli katazo lipo, na ni zito. Lakini tazama limekataza nini. Linahusu faragha ya mtu, yale aliyoyasitiri Mola wake nyumbani kwake. Fedha ya ruzuku ya shule si faragha ya mwalimu mkuu, wala mapato ya soko si siri ya nyumbani kwa mkurugenzi. Hizo ni amana, na amana ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuuliza. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mtu atarudishiwaje asichojua kiasi chake?

Na tunao mfano wa Mtume (s.a.w) mwenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kisa cha mtu wa kabila la Azd anayejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alikaguliwa hesabu, akaigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w) alimuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Kisha akapanda mimbari akalitangaza jambo lile kwa watu wote.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huwa nawaambia waangalie mambo matatu katika kisa hiki. Ukaguzi ulifanyika kabla ya tuhuma. Matokeo yake hayakufungiwa kabatini, yalisemwa juu ya mimbari, ambayo kwa zama zile ndiyo iliyokuwa gazeti na redio. Na la tatu, ambalo mimi mwenyewe sikulizingatia ule mwezi wa Januari, ni kwamba katika hotuba ile Mtume (s.a.w) alizungumzia kitendo cha mtumishi wanayemtuma, hakulitaja jina la mtu. Umma ukajua kosa ni lipi na hesabu imekwendaje, bila ya mtu kugeuzwa ngoma ya kuchezewa.

Wanahistoria wanasimulia pia kwamba Sayyidna Umar (r.a) alikuwa akiandika mali ya gavana siku anapomteua, ili siku ya kurudi ilinganishwe, na kwamba alikuwa na mtu maalumu, Muhammad bin Maslama (r.a), wa kumtuma kuhakiki malalamiko ya raia dhidi ya magavana. Leo tunaona tamko la mali la viongozi kama jambo lililoletwa na wafadhili. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) si ya swala wala ya hija. Ni ya kuandikiana deni, kwa mwandishi na mashahidi.

Kwa hiyo hukumu ya kuuliza haina mgogoro. Mgogoro uko katika namna ya kuuliza, na hapo ndipo inapokuja aya ya sita ya Suratul Hujuraat, inayotutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Mimi nilijuta. Katika elimu ya hadithi hatukubali maneno mpaka tujue yametoka kwa nani, alisikia kwa nani, na huyo alikutana na nani. Namba nayo ina isnadi yake. Nani aliiandika? Lini? Inasema fedha zilizopangwa, au zilizotolewa, au zilizotumika? Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na mwandishi anayeyachanganya anaweza kuwavunjia heshima watu waadilifu na kuwaacha wezi wakicheka.

Waganda walifanyaje

Turudi kwenye fedha za shule, maana jirani zetu wa Uganda wana kisa ambacho kila mwandishi wa habari angepaswa kukijua. Mwaka 1996 ulifanyika utafiti katika shule za msingi 250 za nchi ile, ukifuatilia ruzuku ya miaka ya 1991 hadi 1995. Watafiti, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, hawakufanya miujiza. Walichukua vitabu vya Hazina vinavyoonyesha kiasi kilichotumwa, wakavilinganisha na vitabu vya shule vinavyoonyesha kiasi kilichopokelewa. Kwa wastani shule zilikuwa zimepata asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara. Shule nyingi hazikupata kitu. Fedha ziliishia njiani, katika ngazi ya wilaya, na walimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba wana haki nazo.

Serikali ya Uganda ilipoona matokeo yale ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Watafiti wale wakachunguza zaidi, wakakuta kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti zilinufaika kuliko zilizo mbali, na mwalimu mkuu aliyeijua kanuni ya ruzuku alikuwa na nguvu ya kudai.

Hapana budi niseme, kwa uadilifu, kwamba wapo wachumi waliotahadharisha kuwa si gazeti peke yake lililofanya kazi ile, kwa kuwa wakati huohuo Uganda ilikuwa na mageuzi mengine ya fedha na elimu. Nakubaliana nao. Lakini linganisha mambo yalivyo: kitabu cha Hazina kilikuwapo miaka yote ile mitano, na kitabu cha shule kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviweka viwili hivyo juu ya meza moja. Uandishi wa habari za uchunguzi, ukiuvua makoti yake yote, mara nyingi ni kazi hiyo tu.

Kitabu kinachotoka kila Aprili

Sisi Watanzania tunacho kitabu cha namna hiyo. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hukagua hesabu angalau mara moja kwa mwaka na kumkabidhi Rais ripoti, naye huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza. Asipofanya hivyo, CAG atampelekea Spika. Kwa kawaida Rais hupokea ripoti mwishoni mwa Machi, na mwezi Aprili wananchi wote wanaweza kuisoma. Ipo juzuu maalumu ya Serikali za Mitaa. Mkoa wetu wa Tanga una halmashauri 11: Jiji la Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani, Lushoto, Bumbuli, Kilindi, na Handeni na Korogwe ambazo kila moja ina ya mji na ya wilaya. Zote hukaguliwa.

Sasa tazama magazeti yetu, na hata sisi wa magazeti ya Kiislamu tusijitoe. Ripoti ikitoka, wiki ya kwanza ni vichwa vya habari vya mabilioni ya mashirika makubwa. Wiki ya pili ni wanasiasa kujibizana. Wiki ya tatu imesahauliwa, na ile juzuu ya halmashauri haijafunguliwa na mtu. Msomaji wa Ngamiani au Makorora hajui mkaguzi ameandika nini kuhusu mji wake.

Kuna jambo moja ambalo linapotosha watu kila mwaka. Mkurugenzi husimama akasema, "Sisi tumepata hati safi", na madiwani wakashangilia. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa na kuwasilishwa kwa mujibu wa viwango vya uhasibu na hazina kasoro kubwa za kuzibadilisha. Haimaanishi kwamba hakuna fedha iliyotumika vibaya, wala kwamba darasa lililojengwa lina thamani ya fedha iliyolipwa. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na bado katika kurasa za ndani mkaguzi akaorodhesha manunuzi yasiyo na stakabadhi. Mwandishi anayeishia kwenye neno "safi" ni kama mwanafunzi anayesoma jina la sura akadai amehitimu.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wangu ni ule wa asilimia kumi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018 mikopo hiyo haina riba. Naomba nirudie kwa ajili ya Muislamu aliyepata taabu ya kutafuta mtaji wa halali: haina riba. Ni fedha ambayo mama lishe wa Barabara ya 8 na kijana wa bodaboda wa Duga angeweza kuichukua bila kuhofia dini yake. Lakini mwaka hadi mwaka CAG alieleza juu ya mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana, mpaka mwaka 2023 Serikali ikaisitisha ili kutengeneza utaratibu mpya, na ikarejeshwa mwaka 2024.

Orodha ya vikundi vilivyokopeshwa ni taarifa ya umma. Ina jina la kikundi, mtaa wake, kiasi, na tarehe. Mwandishi akiwa na orodha hiyo haitaji mtoa siri wala kukutana na mtu gizani. Anahitaji nauli ya bajaji na siku nne. Aende mtaa kwa mtaa, amuulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aone cherehani zilizonunuliwa, aandike alichokiona na ambacho hakukiona. Asipokikuta kikundi asikimbilie kuandika "kikundi hewa". Huenda kimehama, huenda kimebadili jina. Arudi ofisi ya maendeleo ya jamii awaulize, awape nafasi ya kujibu, kisha ndipo aandike.

Hata jambo kubwa zaidi lililotokea hapa Tanga lina mlango wa namna hiyo. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliingiza sokoni hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, ili kupanua miundombinu ya maji. Riba yake ni asilimia 13.5, na kwa hiyo suala la Muislamu kuinunua lina hukumu yake, ambayo si mada ya leo. Lakini taasisi inayokopa kwa umma namna hii hulazimika kuandika hadharani hesabu zake, madeni yake, na kazi ambayo fedha itafanya. Asiyenunua hata hati moja bado anakunywa maji ya Mabayani na kulipa ankara. Waraka ule ni wa kusoma na kuhifadhi, ili mwaka 2034 tujue tuliahidiwa nini.

Mlango wa sheria

Msomaji atauliza: nikienda ofisini nikakataliwa je? Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30, iwe ni kumpa au kumweleza sababu ya kumnyima. Yapo yaliyozuiwa, kama ya usalama wa taifa, na sheria imeweka adhabu kwa anayeipotosha taarifa aliyopewa. Wengine wameiona sehemu hiyo kuwa ni kitisho. Mimi kwa yaliyonipata nasema kupotosha ni kosa hata kama hakuna sheria, ila ningependa afisa anayekaa na barua ya raia miezi sita naye aogope kiasi hichohicho.

Na tusijidanganye kwamba njia imekuwa nyoofu wakati wote. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa Serikali kuendesha shughuli zake kwa uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilifanyiwa mabadiliko yaliyomfanya mtu anayezipinga takwimu rasmi kuwa mkosaji. Mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Kwa muda ule waandishi wengi walijifunza kunyamaza, na ukimya ukizoeleka huwa haondoki kwa kubadilishwa kifungu tu. Lakini ofisi nyingi hazijawahi kupokea hata barua moja ya kuomba taarifa. Tunalalamika mlango umefungwa, na wengi wetu hatujaugonga.

Mji huu si mgeni wa magazeti. Mwaka 1904 lilianza kutoka hapahapa Tanga gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani. Lilikuwa gazeti la mtawala. Zaidi ya karne imepita, na bado habari nyingi tunazosoma kuhusu halmashauri zetu ni zile alizotaka kutupa mgeni rasmi siku ya kukata utepe.

Daftari la vitabu na daftari langu

Baada ya ule mkutano nilikaa wiki mbili, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu peke yangu. Nikamwambia sijaja kwa shari, nimekuja na swali ambalo ningepaswa kuliuliza siku ile. Alinifungulia daftari la kupokelea vifaa. Vitabu vilikuwa vimekuja, kwa awamu mbili, idadi imeandikwa kwa kila somo na saini ya aliyeleta ipo. Lakini bei haikuwapo. Shule hupewa vitabu bila kuambiwa vimegharimu kiasi gani. Kwa hiyo yeye mwenyewe, mwenye dhamana ya shule, hakuwa na njia ya kujua kama vile vilivyokuja ni vya milioni tatu na laki mbili au ni vya milioni moja. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla yangu. "Wewe ulidhani zimepotelea kwangu," alisema, "mimi nazitafuta kama wewe."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema mkutanoni. Akanitazama kidogo. "Maalim, ningelisemaje, na wewe umeshawaambia watu mwizi ni nani?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Tulikubaliana kamati ya shule iandike barua ya kuomba orodha ya vitabu na bei zake, na barua ikaandikwa, ikasainiwa na mwenyekiti. Majibu yalichelewa sana na yalikuja nusunusu, idadi bila bei kwa mara nyingine. Barua ya pili iliandikwa. Mama yule alistaafu kabla ya jibu la barua ya pili kuja.

Nilipokuwa naaga siku ile ya kwanza alinisindikiza mpaka kwenye ule ubao wa matangazo, akaikung'uta vumbi karatasi iliyoniponza, kisha akaniuliza, bila kejeli yoyote: "Na mahesabu ya madrasa yako, maalim, yamebandikwa wapi?"

Hayakuwa yamebandikwa popote. Nilikuwa na watoto zaidi ya 60, kila mmoja akilipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na sadaka za hapa na pale, na daftari langu lilikuwa mfukoni mwa kanzu. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule, 1439 Hijria, nilibandika karatasi ya kwanza kwenye mlango wa madrasa. Siku ya tatu mama mmoja mzazi akaniomba risiti ya majamvi mawili niliyoyaandika kuwa nimeyanunua kwa shilingi 35,000. Majamvi yalikuwapo, watoto walikuwa wameyakalia. Risiti niliitafuta siku mbili sikuiona, na fedha ile nikairudisha kutoka mfukoni mwangu. Karatasi ninayo hadi leo. Mstari wa majamvi umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake pana saini ya mama yule.